Shajara ya mradi: ramani ya maporomoko ya milima ya Bara, inatengenezwa Chake Chake

Vuli imeanza na sisi tumeanza

Kila nikimwambia mtu hapa Pemba kuwa tunatengeneza ramani ya hatari ya maporomoko ya ardhi kwa mikoa ya milimani suali linalokuja ni moja, we unakaa Chake, mlima gani unao? Suali la haki kabisa. Sisi vilima tunavyo tele, kupanda kutoka bandarini Mkoani mpaka juu mjini tu mtu pumzi zinamwishia, lakini mlima wa kumeguka ukafukia kijiji hatuna. Ila kazi hii sehemu kubwa haitaki mlima, inataka laptopu, umeme usiokatika katika na bando, mana data zenyewe zinatoka kwenye setilaiti na ziko bure kwa kila mtu, wa Chake na wa Katesh kule Hanang sawa sawa. Na watu wetu wako kule. Nenda Morogoro, nenda Mbeya mjini, duka la Mpemba hukosi, kwahiyo hilo la haituhusu mie silikubali.

Timu ni ndogo. Mie nashughulika na ramani, mwenzangu yuko Tunguu upande wa Unguja yeye ndo mtu wa skripti, yani programu za kompyuta, na kuna dada mmoja Mbeya ambae kazi yake ni upimaji wa ardhi, huyo ndo macho yetu kule. Hakuna mfadhili, hakuna semina, hakuna fulana. Lengo ni leya tatu, yani tabaka tatu za ramani moja juu ya nyengine: wapi ardhi inaweza kuanza kukatika, ikishakatika itaelekea wapi, na nani anakaa kwenye njia yake. Nchi kubwa hii, tumekubaliana tusichore yote kwa mpigo. Tunaanza na Hanang, Uluguru upande wa Mgeta, Pare Kusini, halafu Mbeya na Rungwe. Usambara itafuata, Kilimanjaro na Meru ziko kwenye foleni.

Kukusanya matukio, kazi inayochosha kuliko zote

Huwezi kusema wapi kutaporomoka kama hujui wapi kumeshaporomoka. Tumeanza na katalogi ya NASA ya dunia nzima, ile inayokusanya matukio tokea 2007 khasa kutoka kwenye habari za vyombo vya habari. Msaada mkubwa lakini ina mambo yake. Kila nukta ina safu inayosema mahali pamekadiriwa kwa usahihi gani, na utakuta kilomita 5, kilomita 25, mpaka 50. Sasa nukta yenye usahihi wa kilomita 25 pale Uluguru inaweza kuwa juu msituni na inaweza kuwa sokoni Morogoro mjini, ukiipeleka kwenye hesabu ya mteremko unaifundisha kompyuta uongo. Za namna hiyo tumezitoa zote bila ya huruma na zilizobaki ni chache mno.

Halafu kuna jambo jengine, habari zinaandikwa pale ambapo mwandishi anafika, na mwandishi anafika palipo na barabara. Msitu wa juu Udzungwa ukikatika usiku nani atajua? Ukiiachia kompyuta peke yake itakwambia barabara ndo mama wa maporomoko yote. Kuna ukweli ndani yake, mana ukiukata mlima upitishe barabara unauondoshea mguu uliokuwa unaushikilia, lakini sio kwa kiwango hicho.

Ndo tukaingia kuyachora wenyewe kwa Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya yenye pikseli (kijipande kimoja cha picha) ya mita 10 inayorudi pale pale kila baada ya siku 5. Unachukua picha ya kabla na ya baada, unatizama wapi kijani kimepotea ghafla, kovu linatokea la rangi ya udongo, refu, linafuata mteremko. Adui ni mawingu, mana maporomoko yanakuja na mvua na mvua inakuja na mawingu, hapo tunageukia Sentinel-1 ya rada ambayo mawingu haiyajali, ila picha yake ya kijivu ina chenga chenga na bila ya mazoea utaona maporomoko mpaka baharini.

Hanang ndo kovu lililo wazi kuliko yote. Jumapili alfajiri, 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa ya usiku, sehemu ya mlima ilimeguka ikashuka na makorongo mpaka Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom, tope limebeba magogo na mawe, watu zaidi ya 80 wakafa. Maelezo ya serikali wakati ule yalikuwa kwamba kuna sehemu ya mlima yenye miamba laini iliyonyonya maji mpaka ikazidiwa. Mlima wenyewe ni wa volkano, umesimama peke yake pale, una mita zaidi ya 3,400.

Pare Kusini tuna Goha, Mamba Miamba wilaya ya Same, Novemba 2009, watu wasiopungua 20 walifukiwa. Sentinel ilikuwa haijarushwa, tumetumia setilaiti ya Marekani ya Landsat ya mita 30 na kovu linaonekana kwa tabu sana. Mbeya tuna la Itezi, 14 Aprili 2024, mlima Kawetele uliposhusha tope likafukia nyumba na kuharibu skuli. Hili dada wa Mbeya amelizunguka kwa miguu na GPS mkononi, kwahiyo mpaka wake ndo sahihi kuliko yote tuliyonayo.

Mgeta 1970, hapa nitakaa kidogo

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ilipiga Mgeta, magharibi ya Uluguru, milimita 100 na ushee ndani ya saa zisizotimia 3. Maporomoko zaidi ya 1,000. Sio kumi, sio mia, elfu moja na zaidi, kwa mvua ya saa tatu tu. Watafiti wawili, Paul Temple na Anders Rapp, waliyahesabu na kuyapima wakachapisha kazi yao 1972, na mpaka leo ukisoma habari za maporomoko Afrika Mashariki lazima utaikuta.

Kitu kinachonivutia ni kwamba mengi yalikuwa madogo, kina cha mita 1 mpaka 1 na nusu hivi. Ardhi ya juu tu imechubuka. Namna inavyokwenda ni hivi: maji yanazama kwenye udongo laini wa juu, yanafika kwenye mwamba au tabaka gumu, hayapiti, yanajaa pale chini, yanaanza kuunyanyua udongo kutoka ndani, ule msuguano uliokuwa unaushikilia usiteleze unapungua, basi uzito unamaliza kazi. Mvua ya haraka inajaza haraka kuliko ardhi inavyoweza kutoa. Ndo mana saa tatu zilitosha.

Na katika maporomoko yote yale chini ya asilimia 1 tu yalitokea penye msitu. Karibu yote yaliobaki ni mashamba na sehemu za majani. Mizizi ya miti inapita ile mita moja na nusu inakwenda kujifunga chini, majani na mahindi hayana mizizi ya hivo.

Sasa hapa ndo watu wanaruka moja kwa moja kwenye kauli ya pandeni miti mambo yataisha. Mie naomba tuende taratibu. Mlima Hanang ni hifadhi ya msitu, miti ipo, na bado ulishuka. Mizizi inashika udongo wa juu, haishiki mwamba laini uliolowa ndani kwa ndani, na tope likishaanza kushuka korongoni ile miti linaing'oa na kuifanya silaha, nyumba nyingi kule zilipigwa na magogo. Kwahiyo kwenye modeli yetu, ile hesabu ya kompyuta inayotoa ramani, msitu unapunguza hatari ya maporomoko madogo ya juu juu, lakini hatujauruhusu upunguze chochote kwenye njia ya tope kule chini. Mwenzangu wa Tunguu tulibishana nae kwa hili, yeye alitaka msitu ushushe alama kote kote mana hesabu inakuwa safi. Hesabu safi sio hoja.

Ramani ya mteremko peke yake

Kabla ya kuchanganya vitu tumetoa ramani ya mteremko mtupu kwa makusudi, tuone inasema nini. Data ya mwinuko tumechukua ya Copernicus ya Ulaya, mita 30. Ile ya SRTM ya Marekani tumeiacha pembeni, nzuri lakini ilipimwa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000, na milima ya Mbeya ya mwaka 2000 sio ya leo kwa jinsi watu walivyojenga na kuchimba.

Ikatoka nzuri ya kupendeza. Uluguru nyekundu, Pare nyekundu, ukingo wa Livingstone ule unaoshuka Ziwa Nyasa mwekundu mpaka unatisha. Na Katesh? Kijani. Katesh iko mguuni mwa mlima pametulia, ukisimama barabarani unaona pazuri pa kujenga. Itezi nayo sehemu kubwa rangi yake ya upole.

Dada wa Mbeya akaandika usiku ule ule: "Kaka, hii ramani ukiwapa watu wa Itezi unawaambia wako salama. Nyumba nilizozipita zimefukiwa mpaka madirishani na hapo kwako ni kijani." Nikamjibu ndo mana tumeitoa mapema, hii itakaa ndani haitoki nje.

Hili ndo ninaloliona kuwa kiini cha mradi mzima, na ramani nyingi zinazozunguka za "maeneo hatarishi" zinalipita hivi hivi: pale ardhi inapoanzia na pale watu wanapofia ni sehemu mbili tofauti. Juu kwenye nyuzi 35 au 40 hakuna mtu anaelala, labda mchunga mbuzi. Watu wanalala chini panapofunguka, kwenye mdomo wa korongo, mana pale ndo penye maji, udongo wenye rutuba na kiwanja cha bapa. Na kiwanja kile cha bapa mara nyingi kimekuwa bapa kwa sababu tope la zamani lilimwagika pale likatandazika. Mlima ndo uliokitengeneza kile kiwanja na una tabia ya kurudi.

Umeme

Wiki mbovu. Umeme unakwenda unarudi, skripti ya Uluguru imekatika katikati zaidi ya mara moja. Tumegawa eneo vipande vidogo ili kikikatika kipande kinaanza hicho tu. Data kubwa tunapakua usiku wa manane bando likiwa rahisi.

Tope linakwenda wapi

Basi leya ya pili ndo imechukua roho yetu yote. Kuna njia za kitaalamu nzito zinazotaka ujue unato wa tope, kina chake, aina ya mawe, vitu ambavyo kwa nchi nzima hatunavyo na hatutavipata. Tumetumia njia nyepesi inayotumiwa kwa maeneo makubwa: kila pikseli inayoweza kuanza kukatika unaiachia itiririke chini kwa njia ya maji, unairuhusu itawanyike kidogo, halafu unaisimamisha pale ambapo mstari kutoka ilipoanzia mpaka ilipofika unakuwa umelala chini ya pembe fulani. Kwa tope la mawe wengi wanaanzia nyuzi 11.

Nyuzi 11 ukisikia hivi hivi haina maana, hebu piga hesabu. Ardhi ikikatika mita 1,000 juu ya bonde, kwa pembe ile tope linaweza kufika kilomita 5 na kidogo kutoka lilipoanzia ukipima kwa usawa. Kilomita tano! Mtu wa kilomita tano hata mlima hauhesabu kuwa wake, kwake ule ni mandhari. Na tope zito lile linakwenda kama zege mbichi, linabeba jiwe la ukubwa wa gari juu ya mgongo wake bila ya kulizamisha, ndo mana likifika bado lina nguvu ya kuvunja nyumba ya matofali.

Tulipoiendesha Hanang, Katesh ikatoka kwenye kijani ikaingia kwenye njia. Hatukuipa kompyuta habari yoyote ya Disemba 2023, tuliificha makusudi, tukaja kulinganisha baadae na kovu tulilolichora kwa Sentinel. Vidole vya modeli vimefuata makorongo yale yale makubwa. Imezidisha upande mmoja, imepaka rangi sehemu ambazo tope halikufika mwaka ule, na mwenzangu wa Tunguu anataka tuongeze pembe ili njia ifupike. Mie sitaki. Korongo ambalo halikushusha 2023 bado ni korongo la mlima ule ule, na kwa jambo la roho za watu naona bora tuzidishe kuliko kupunguza, mradi tuseme wazi kuwa tumezidisha.

Mgeta imekataa kukaa vizuri. Makorongo yake mafupi, mashamba ya matuta yamekata kata mteremko na kwa pikseli ya mita 30 matuta hayaonekani kabisa, modeli inaona ngazi zote zile kama ubao mmoja ulioinama. Uluguru itabidi isubiri mwinuko bora.

Mvua

Watu wanataka namba moja: ikinyesha milimita ngapi tukimbie? Haipo namba hiyo, au ipo lakini ni ya pahala pamoja na hali moja. Ardhi iliyokwisha kushiba kwa mvua za wiki mbili inahitaji kidogo tu. Ardhi kavu inahitaji dhoruba kama ile ya 1970. Ule mwaka wa Hanang vuli ilikuja na El Niño, mvua zilikuwa nyingi Afrika Mashariki yote, kwahiyo ardhi ilikuwa imeshalowa kabla ya usiku wenyewe kufika.

Kwahiyo tunabeba mvua mbili mbili: jumla ya siku zilizopita, na nguvu ya saa chache za mwisho. Kwa siku tunatumia rekodi ya mvua ya CHIRPS, inarudi nyuma mpaka 1981 kwa vipande vya kama kilomita 5, imechanganya setilaiti na vituo vya chini. Lakini CHIRPS ni ya kutwa nzima, dhoruba ya saa tatu inamezwa humo ndani inaonekana kama siku ya mvua ya kawaida tu. Kwa saa tunachukua IMERG ya NASA ambayo inatoa kila nusu saa, ila kipande chake ni kama kilomita 10 na juu ya mlima kilomita 10 ni bonde hili na bonde lile na kilele katikati yake. Upande mmoja wa Uluguru unaweza kuwa unafurika, wa pili watu wanaanika mahindi. Hakuna setilaiti ya kushinda kipimo cha mvua kilichosimama uwanjani kwa skuli ya kijiji na mwalimu anaekisoma kila asubuhi saa tatu.

Kilima nyuma ya nyumba

Huku kwetu masika imepiga vilivyo, na pale mtaani kuna nyumba imeangukiwa na ukingo wa udongo kwa nyuma, banda la jiko limelala lote, wenyewe walikuwa ndani ya nyumba kubwa alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Sheha akaniita, "Mwanangu wewe si ndo wa mambo ya milima, njoo utizame." Nikenda na simu na tepu ya fundi.

Habari ya pale ni ya Pemba nzima. Viwanja vya bapa vimekwisha, mtu anakichonga kilima apate pahala pa nyumba, anaacha ukuta wa udongo mwekundu umesimama wima nyuma ya chumba, juu yake pana migomba na njia ya maji ya jirani. Ukavu hauna neno, ukuta unasimama miaka. Masika ikija maji ya juu yanaingia nyuma ya ule ukuta, na hauna mguu. Ni kile kile cha barabara za milimani, udogo wake tu.

Na ramani yetu haioni! Ukuta wa mita 5 ndani ya pikseli ya mita 30 unageuka mteremko usiofika nyuzi 10, salama salmini, wakati mtu anaesimama pale shingo inamuuma kutizama juu. Kwa hiyo ramani ya nchi nzima ni ya milima na makorongo, haimwambii mtu habari za ukingo wa nyuma ya jiko lake, na hili tutaliandika juu kabisa kwa maandishi makubwa.

Kwa Zanzibar lakini tuna bahati ambayo Bara hawana. Ule mradi wa kupiga ramani visiwa kwa droni ulioanza 2016, Kamisheni ya Ardhi na chuo kikuu cha SUZA pamoja na Benki ya Dunia, ulitoa picha za ukali wa mpaka sentimita 7. Picha zikipishana unaweza kutoa mwinuko ndani yake na kuta hizi zinaonekana. Tatizo ni kwamba droni inaona paa la miti, haioni ardhi, na Pemba bila ya mikarafuu na minazi ni Pemba gani? Sehemu zilizo wazi za miji inafaa sana, mashambani inapotosha. Nimemwahidi sheha ramani ya shehia yake kwanza, Bara itangoja kidogo.

Tulichokubaliana na mwenye nyumba kwa sasa: maji ya juu yageuzwe kwa mfereji yasishukie ukingoni, ukingo ulazwe usisimame wima, na chumba cha nyuma kisilaliwe mvua ikishika. Yeye alitaka kujenga ukuta wa matofali kuuzuia. Ukuta usio na matundu ya kutolea maji unakusanya maji nyuma yake mpaka nao unakuja chini, sasa na matofali juu yake, nikamwambia bora asijenge kuliko kujenga hivo.

Rangi na maneno

Mjadala mrefu wa rangi. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa njano, rangi ya chungwa na nyekundu, na watu wameshazizoea. Zile ni za hali ya hewa ya siku hiyo. Yetu ni ya mahali, haibadiliki kesho. Tukitumia rangi zile zile mtu ataona kwake nyekundu mwaka mzima, baada ya mwezi nyekundu haina maana tena hata ile ya Mamlaka yenyewe. Tumekwenda na zambarau, nzito mpaka nyepesi. Haipendezi, dada wa Mbeya anasema inafanana na kanga ya msibani, lakini haigongani na ya mtu.

Na ramani peke yake haitoshi, nyuma yake tumeeka maneno kidogo ya kusoma mtu asiesoma ramani. Nyufa mpya juu ya mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi inayotokea pasipokuwa na chemchemi, milango inayoanza kubana ghafla. Lile la mto ndo nimesisitiza liandikwe peke yake: mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha usifurahi, huenda juu kumezibwa na udongo na utakaposhuka utashuka wote. Usikimbie kufuata korongo kwenda chini, panda pembeni, mbali na korongo.

Jengine ni la kurudi. Gofa kule Ethiopia, 22 Julai 2024, ardhi iliporomoka watu wakakimbilia kuwafukua wenzao, na mlima ukashuka mara ya pili juu ya waliokuja kuokoa. Walikufa zaidi ya 200 jumla. Ni jambo gumu kumwambia mtu asiende kumfukua mtoto wake na mie sijui ningeweza kulitii, lakini lazima liandikwe kuwa awepo mtu mmoja wa kuangalia juu tu muda wote, na mwenye firimbi.

Watu wangapi wako njiani? Tunatumia ramani za majengo zilizotolewa kwa picha za angani pamoja na Sensa ya 2022. Majengo yana faida yake mana matukio haya yana tabia ya kuja usiku au alfajiri, kwahiyo anapolala mtu ndo panapohesabika. Lakini paa la ghala na paa la nyumba kwa juu ni paa tu. Dada wa Mbeya anapita kuhakiki Itezi mtaa kwa mtaa, kwengine tutaandika majengo, hatutaandika watu.

Tulipofika

Hanang imekamilika leya zote tatu, imepelekwa kwa wenyeji wawili wa kule waisome kwanza kabla ya mtu mwengine yeyote. Pare Kusini njia za tope ziko tayari, matukio bado machache. Mbeya inasubiri uhakiki. Rungwe inaanza wiki hii, na ile nina wasiwasi nayo mapema mana udongo wa volkano wa kule unashika maji mengi na watu wanalima ndizi na chai mpaka juu. Mgeta imesimama kwa sababu ya matuta.

Tunachohitaji sasa ni matukio madogo ambayo hayakufika redioni. Kama unatoka milimani na unakumbuka pahala palipokatika, hata shamba la babu, hata kama hakufa mtu, tunataka vitu vitatu tu: mahali (nukta ya simu inatosha, simama pale lilipoishia tope, sio lilipoanzia), mwaka na mwezi kwa makisio, na kama mvua ilikuwa ya siku nyingi au ya ghafla. Majina ya wenye shamba hatutaki. Mwenzangu wa Tunguu ameshatengeneza fomu inayofunguka hata kwa simu ya mtandao dhaifu, tumeijaribu kutoka Makangale imepita.